Mtungi, Nuru na Suala la Upungufu

Ibn Sina na Augustino, ijapokuwa dini zao mbalimbali, waliafikiana kwamba uovu hauna dhati yake, bali ni upungufu wa heri kama giza lilivyo upungufu wa nuru. Na hoja hiyo yaonekana kupata shahidi katika ufinyanzi wa zama zetu. Alumina, ambayo asili yake ni moja na ya yakuti, ikisagwa, ikashindiliwa na kuokwa, hutoka nyeupe kama chokaa, si kwa kuwa yenyewe yazuia nuru, bali kwa sababu ya vitundu vya hewa vilivyonaswa ndani, ambavyo kila kimoja huipotosha nuru njia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Robert Coble, wa kampuni ya General Electric ya Marekani, alitia humo magnesia isiyofika hata sehemu moja katika mia (ajabu, usafi kupatikana kwa kuongeza kitu kigeni!), akaioka kwa zaidi ya digrii 1,700 pasipo kuiyeyusha, magnesia ikazizuia chembe zisimezane kwa pupa, na hewa ikapata wasaa wa kutoka kwa kufuata mipaka iliyo baina yao, kwani kitundu kikishamezwa ndani ya chembe ni vigumu kutoka tena. Alumina hiyo, ambayo sasa yapitisha nuru, ndiyo mirija ya taa za sodiamu, zile za manjano za barabarani, ambazo mvuke wake ungeula kioo cha kawaida.

Lakini mfinyanzi wa Kiluo wa Homa Bay au Migori, ambaye aghalabu ni mwanamke, huichoma mitungi yake uwanjani kwa kuni na majani makavu, na moto ule, ambao kwa kawaida haufiki digrii 1,000, huiacha na vitundu vilevile. Weka mtungi kivulini umejaa maji: punde tumbo lake latota jasho, maji yapenyayo yageuka mvuke, na mvuke waondoka na joto la yaliyosalia. Uzibe vitundu, na maji yatakuwa vuguvugu; hapa upungufu ndio heri yenyewe.

Atajibu mwenye kuitetea hoja ya kale kwamba upungufu ni kukosekana kwa kile kilichostahili kuwapo, kama upofu ulivyo kasoro kwa mtu wala si kwa jiwe. Jibu hilo ni imara, nami nalikubali; ila lahamisha swali zima, kwani sasa yatupasa kujua nani akadiriaye kinachostahili. Kwa mtungi ni mfinyanzi, ambaye waweza kumwuliza sokoni; kwa mja, hatuna wa kumrejea ila Muumba, na hoja iliyoanza kwa akili tupu yajikuta imesimama juu ya imani.