Mjenzi wa Ukuta na Mlinzi wa Msitu



Katika mkutano wa walimu wa mitaa mzee mmoja aliuliza neno ambalo siku ile sikuweza kulijibu. Alisema, "Mchungaji, mlinzi akikata miti ya shamba ili apate kumwona mwizi, je, amelilinda shamba au ameliharibu?" Wengine walicheka. Mimi sikucheka, maana nilikumbuka jambo la usharika wangu wa kwanza.

Huko wezi wa ng'ombe walikuwa wakijificha katika vichaka vya bondeni, penye chemchemi iliyowanywesha watu wa vijiji viwili. Usiku mmoja walimpiga kijana mchungaji hata akavunjika mkono. Ndipo wazee wakakata shauri kulifyeka bonde lote, nami nikasimama mbele yao nikaiombea kazi ile baraka. Wezi wakakoma kweli. Lakini baada ya miaka michache chemchemi nayo ikapungua, na wanawake wakawa wakiamka alfajiri kwenda mbali kuteka maji. Hakuna aliyetenda kwa nia mbaya. Walakini hakuna aliyeuliza kama ingetosha kufyeka njia ya walinzi tu, na kuiacha miti iliyoizunguka chemchemi. Hofu ilikuwa imetunyang'anya swali.

Swali la mzee yule linaulizwa leo hata katika nchi kubwa, na yaliyotukia huko yafaa kutufundisha sisi. Kwenye mpaka wa Marekani na Meksiko, katika jimbo la Arizona, kuna jangwa ambalo sehemu yake kubwa ni ardhi ya taifa, au ni ya kabila la Tohono O'odham. Mwaka 1937 serikali iliweka hapo hifadhi iitwayo Organ Pipe Cactus, kwa ajili ya mmea wa miiba wenye mashina mengi marefu yasimamayo pamoja kama mabomba ya kinanda cha kanisani. Mpaka wa kusini wa hifadhi hiyo ndio mpaka wa nchi yenyewe. Basi watu wa namna mbili wamepewa kazi mahali pamoja: askari wa mpaka, na watunzaji wa ardhi.

Tusiseme upesi kwamba kazi ya askari ni ya bure. Mtume Paulo katika Warumi 13 anafundisha kwamba mwenye mamlaka hauchukui upanga bila sababu. Mwezi wa Agosti mwaka 2002 mtunzaji mmoja wa hifadhi hiyo, jina lake Kris Eggle, mwenye umri wa miaka 28, aliuawa kwa risasi alipokuwa akiwafuatia watu wenye silaha waliokimbia kutoka ng'ambo ya mpaka. Sehemu kubwa ya hifadhi ikafungwa kwa wageni, wala haikufunguliwa yote mpaka mwaka 2014. Tena magari ya wachukuzi wa dawa za kulevya yalikuwa yakikata njia jangwani, na takataka zikaachwa kila mahali. Basi mlango usio na bawabu huiumiza nyumba pamoja na bustani yake.

Baada ya kifo hicho vikawekwa mpakani vizuizi vya magari, yaani vyuma vifupi ambavyo gari haliwezi kuvipita, lakini mnyama hupita, na maji hupita. Kwa kazi hiyo askari na mtunzaji waliweza kufurahi pamoja. Lakini baadaye ukajengwa, katika sehemu ya mpaka huo, uzio mrefu wa wavu wa chuma. Watunzaji walikuwa wameonya kwamba mvua za kiangazi zitaleta mafuriko hapo. Mwaka 2008 takataka za mafuriko zikauziba uzio na maji yakarudi nyuma. Na mwaka 2011 mafuriko yakaangusha kipande chake cha futi 40 hivi. Halafu, katika miaka ya 2019 na 2020, ukasimamishwa ukuta wa nguzo za chuma wenye kimo cha futi 30. Kilima kimoja kikapasuliwa kwa baruti, nao Watohono O'odham walilia kwamba hapo ni mahali pa maziko.

Karibu sana na ukuta huo iko chemchemi ya Quitobaquito. Katika dimbwi lake anakaa samaki mdogo ambaye makao yake ya asili katika Marekani nzima ni hapo tu. Mwaka 2020 maji ya dimbwi yakapungua sana. Wengine wakasema ni visima vilivyovutwa maji ya kuchanganyia saruji ya ukuta. Wengine wakasema ni ukame, na dimbwi lenyewe kuvuja. Mimi siwezi kuwaamulia. Lakini angalieni kwa nini ugomvi huo ni mgumu kuamuliwa. Marekani ina sheria tangu mwaka 1970 inayoagiza kazi kubwa ya serikali ichunguzwe kwanza, ijulikane itadhuru nini. Na mwaka 2005 Bunge lao lilimpa Waziri wa Usalama wa Ndani uwezo wa kuiweka kando sheria yo yote anayoona inachelewesha ujenzi wa mpakani, wala mahakama hazikuachiwa nafasi ila kwa mashtaka ya Katiba. Kwa ukuta huu uwezo huo ulitumika. Wajenzi hawakulazimishwa kuuliza, basi hata jibu likakosekana.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Sheria ya kutunza ardhi haimwambii askari kila mara, "Usijenge." Kazi yake ya kwanza ni kumlazimisha mtu mwenye hofu aulize: Nitapoteza nini? Je, iko njia nyingine? Ukiiondoa sheria hiyo, hasara haiondoki. Kinachoondoka ni daftari ya kuiandika.

Mtu atanijibu, "Mwizi hangoji barua." Ni kweli. Lakini yapasa kupambanua hatari ya saa moja na hatari ya miaka. Mwaka 2006 wizara tatu za Marekani, ya Usalama wa Ndani, ya Ardhi na ya Kilimo, ziliandikiana mapatano. Askari akiwa katika kumfukuza mtu kwa dharura, aweza kuingia kwa gari hata mahali palipokatazwa magari, kisha sharti atoe habari. Pasipo dharura huenda kwa miguu au kwa farasi, au hufuata njia zilizopo, na mambo makubwa hushauriana na watunzaji. Hayo ni mapatano ya watu wenye akili. Ukuta lakini haujengwi kwa saa moja. Kazi inayochukua mwaka ina nafasi ya kuuliza kwa mwezi. Tena mwaka 2010 wakaguzi wa Bunge waliwauliza wakuu wa vituo 26 vya askari wa mpaka huo. Kumi na saba walisema sheria za ardhi zimewachelewesha au kuwazuia mahali fulani. Lakini 22 walisema usalama wa eneo lao kwa jumla haukubadilishwa na sheria hizo. Basi usumbufu upo, tusiukane. Walakini usumbufu si maangamizi.

Neno la Mungu nalo halikukaa kimya. Katika Kumbukumbu la Torati 20, Israeli wakiuzingira mji siku nyingi, wanakatazwa kuiharibu miti yenye matunda. Ile isiyo ya chakula waruhusiwa kuikata kwa kazi ya vita. Tazameni: hata vita haikuifuta sheria ya mti. Wala sheria haikukataza kila shoka, bali iliwaagiza wapambanue, wakiwa wameshika shoka mkononi.

Tena mkumbukeni Nehemia. Hakuna aliyetamani ukuta kuliko yeye, na adui zake hawakuwa wa kuwaziwa tu. Hata hivyo, alipopata kibali mbele ya mfalme, aliomba barua kwa Asafu, mtunzaji wa msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango na ya ukuta. Hakusema, "Kazi yangu ni ya Mungu, basi msitu hauna mwenyewe." Na je, barua ile ilimchelewesha? Sura ya 6 yatuambia kwamba ukuta ulikwisha kwa siku 52.

Nasi Walutheri tuna ushuhuda wetu pia. Katika Katekisimo Ndogo, Martin Luther akieleza ombi la mkate wa kila siku, anataja pamoja shamba na mifugo, serikali njema, amani, na hali njema ya hewa. Vyote ni mkate mmoja, vyatoka katika mkono mmoja. Basi mtu hawezi kuomba amani asubuhi na kuikausha chemchemi jioni, akidhani ya kuwa ameyatunza majibu ya sala yake.

Sisi wenyewe tunao mpaka mwingine wa kutazama. Kila mwaka nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka wakitafuta majani, na wengi wao huvuka kutoka Serengeti kwenda Maasai Mara katika Kenya, kisha hurudi. Uzio ungeweza kuonekana kuwa ulinzi bora, lakini ungeyakata maisha yao. Hapo huhitajiwa macho na miguu ya watu kuliko vyuma, na kazi ya namna hiyo ni ya gharama na ya uchovu. Lakini mtunzaji mwaminifu huchagua mara nyingi uchovu wake mwenyewe, kuliko hasara isiyorudishika.

Sasa namjibu mzee wangu, ijapokuwa nimechelewa. Mlinzi akikata mti mmoja baada ya kuuliza na kukosa njia nyingine, amelilinda shamba, naye na ahuzunike kwa ajili ya mti. Akikata yote bila kuuliza, mwizi amemshinda pasipo kuingia.

Walimu, katika mitaa yenu mtaitwa tena kuombea kazi za namna hii: kufyeka, kuchimba, kuziba njia. Msikatae upesi, wala msibariki upesi kama nilivyobariki mimi. Ulizeni kwanza maji yanatoka wapi. Mwiteni anayeutunza msitu aketi penye baraza, kabla shoka halijanolewa. Na kina mama wanaoteka maji wapewe nafasi ya kusema mapema, maana katika bonde lile tuliwasikia mwisho.

Bwana aliye mlinzi wetu, asiyesinzia, atufundishe kulinda kama alindavyo yeye. Amina.