Wana Wawili Mbele ya Kaburi la Baba Yao

Somo: Mwanzo 25:7-10



Katika mikesha yetu tunaimba Sayuni, tunataja Israeli kwa furaha. Ni vizuri. Lakini tangu vita vya Gaza vilipoanza, Oktoba 2023, tumesikia kati yetu maombi ya namna mbili. Wamoja waliomba Mungu awapige Wapalestina wote, wakidhani ndio Wafilisti wa Goliati. Wengine walisema Wayahudi wamepata malipo yao. Maombi hayo yote mawili hayakutoka kwa Roho Mtakatifu.

Tusome vizuri. Abrahamu alipokufa, nani walimzika? Isaka na Ismaeli, wote wawili. Ismaeli alikuwa amefukuzwa jangwani pamoja na Hagari mama yake, hata maji yakawaishia. Lakini kule jangwani Mungu alisikia sauti ya kijana, na jina lake maana yake ni Mungu anasikia. Isaka alichukua ahadi. Ismaeli naye hakukosa sikio la Mungu. Na siku ya kilio wote wawili walisimama mbele ya pango la Makpela.

Wayahudi na Waislamu wanaheshimu pango hilo hata leo, katika mji wa Hebroni. Na ona damu iliyomwagika pale! Mwaka 1929 Wayahudi 67 waliuawa katika mji ule, ijapokuwa Waarabu wengine waliwaficha jirani zao Wayahudi nyumbani mwao. Tarehe 25 Februari 1994 Myahudi mmoja aliingia na bunduki mahali penyewe pa pango, akaua Waislamu 29 waliokuwa wakisali. Kisha jengo likagawanywa: upande huu Waislamu, upande huu Wayahudi. Kaburi lililokutanisha ndugu limekuwa na ukuta katikati.

Basi Mkristo afanye nini?

Kwanza, aseme kweli yote. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas na wenzao waliua watu karibu 1,200 katika Israeli, wakateka wengine karibu 250. Hiyo ni dhambi. Katika vita vilivyofuata Wapalestina makumi ya maelfu walikufa Gaza, na kati yao watoto wengi sana. Machozi yao nayo yanafika mbinguni. Anayetaja kilio kimoja na kuficha kingine ni shahidi wa uongo.

Pili, asitumie Biblia kama panga. Nabii Amosi alipenda taifa lake, lakini alilikemea kwa kuonea maskini. Kupenda Israeli si kusema amina kwa kila tendo la serikali yake. Na kutetea Wapalestina si ruhusa ya kuchukia Wayahudi: Bwana wetu alizaliwa na mama Myahudi. Tena kati ya Wapalestina kuna Wakristo, hata kule Betlehemu alikozaliwa.

Tatu, alie pamoja na wanaolia, kama Mtume Paulo alivyofundisha Warumi. Kuna chama, Parents Circle, kilichoanza 1995. Ndani yake wazazi Waisraeli na Wapalestina waliofiwa na watoto wao katika ugomvi huu wanakaa pamoja na kukataa kisasi. Wamesimama pale waliposimama Isaka na Ismaeli.

Sisi wa Kongo tunajua vita. Tunajua namna inavyouma mtu wa mbali akichagua wafu wa kulilia. Tusiwafanyie wengine hivyo.

Kwa hiyo, wapendwa, katika mkesha unaokuja tutaje mama wa Israeli na mama wa Gaza katika ombi moja, kwa sauti moja. Asiyeweza kutaja wote wawili, apige magoti kwanza, aombee moyo wake mwenyewe.

Mungu anayesikia atusikie. Amina.