Fedha Isiyopita Mkononi

Ni kipi kinachomfanya mtu aone ametendewa haki: kile alichokipata hasa, au kile alichokiona kikiingia mkononi? Swali hili laweza kuonekana la kitoto. Hata hivyo, kodi imenifundisha kwamba si dogo.

Tuitazame Marekani. Desemba 2017 nchi hiyo ilipata sheria mpya ya kodi, na ilipofika Februari 2018 waajiri walitakiwa kutumia majedwali mapya ya makato. Mshahara wa wengi ukaongezeka kidogo kidogo. Nyongeza yenyewe haikutambulika. Ilizama katika nauli, maziwa ya watoto na bili ya umeme. Mwanzoni mwa 2019, watu walipopeleka hesabu zao za mwaka, ndipo kilio kilipozuka. Katika siku za mwanzo, wastani wa marejesho ulikuwa pungufu kwa karibu asilimia 8 ukilinganishwa na mwaka uliotangulia. Wengine wakasema wameibiwa.

Wapo waliokuwa na sababu ya kulalamika, hasa katika majimbo kama New York na New Jersey yenye kodi kubwa za jimbo na za nyumba. Zamani waliziondoa katika mapato kabla ya kukokotoa kodi ya taifa. Sasa sheria iliweka kikomo cha dola 10,000. Lakini wengi wa tabaka la kati kodi yao ilikuwa imepungua. Chukua mfano wa mtu aliyepunguziwa makato ya dola 100 kwa mwezi, yaani 1,200 kwa mwaka, kisha rejesho lake likapungua kwa 900. Mtu huyo amefaidika dola 300, na bado analia.

Ni rahisi kumcheka. Rejesho si zawadi. Ni fedha yake mwenyewe aliyoikopesha serikali bila riba. Mimi simcheki. Kwake rejesho lilikuwa kibubu: alikwisha kulipangia deni, au matengenezo ya gari. Kibubu kikivunjwa kabla ya wakati, na vipande vyake vikatiwa mfukoni mwako bila wewe kujua, huna budi kuuliza nani alikupangia. Katika upatu naingia kwa hiari, nawajua wenzangu na najua zamu yangu. Katika makato hesabu hupangwa na wengine. Kwa hiyo kilio kile, ingawa kilikosea kwa hesabu, hakikukosea kabisa kwa haki.

Makato ya namna hii yaliingia Marekani mwaka 1943, wakati wa vita. Mwanauchumi Milton Friedman, aliyeshiriki kuyabuni akiwa kijana katika wizara ya fedha, baadaye alijuta, akiona yameisaidia serikali kukua kupita kiasi. Nakubaliana naye nusu. Anayeishi kwa mshahara wa mwezi, akidaiwa kodi ya mwaka mzima kwa siku moja, ataangamia. Makato ni huruma kwake. Lakini ni huruma inayomfumba macho, na aliyefumbwa macho hawezi kukubali wala kukataa, anapelekwa tu.

Hata Tanzania jambo hili lipo. Julai 2021 kiwango cha chini cha kodi ya mishahara kilishushwa kutoka asilimia 9 hadi 8. Aliyenufaika kwa ukamilifu alibakiwa na shilingi 2,500 zaidi kwa mwezi. Ni wangapi waliziona? Tena mfanyakazi asiye na mapato mengine halazimiki kupeleka hesabu za mwaka, hivyo hana hata ile siku moja ya Mmarekani ya kukaa mezani na kujumlisha alichokitoa.

Nami naona hasara kubwa imo humo. Mwenye duka akiuza sukari anajua mteja atahesabu chenji. Serikali nayo hujiheshimu zaidi mbele ya raia anayehesabu. Asiyejua ametoa kiasi gani ataomba dawa zahanati kama anayeomba msaada, kumbe alikwisha kuzilipia. Ndiyo maana nashikilia kwamba kuisoma hati ya mshahara mstari kwa mstari si ubahili. Ni sehemu ya kuwa raia, na serikali inayotutakia mema ingetuandikia mistari hiyo kwa lugha tunayoielewa.