Joka Lisilo na Mikono Linarogaje?

Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974, walifungua mlango kwa michezo mingi ya kuigiza wahusika iliyofuata. Miaka minne baadaye, kanuni mpya za mchezo huo zilimwekea mchawi masharti matatu: manuizo, ishara za mikono na dawa. Si kila uchawi unadai yote, lakini anayetaka kurusha tufe la moto hawezi kukwepa hata moja. Lazima anuize kwa sauti, achezeshe vidole, na awe na kibonge cha mavi ya popo kilichochanganywa na salfa. Mfunge mikono au mzibe mdomo, moto hauwaki.

Halafu anatokea naga.

Huyu ni joka kubwa lenye akili na usemi, lisilo na mkono wala kidole. Toleo la tano, lililotoka mwaka 2014, linalitatulia shida hiyo kwa maneno machache: joka hili linahitaji sauti tu. Tuseme wachezaji wamelibana pangoni na kulizungushia kamba mwili mzima. Halijali, linanuiza na radi inapiga. Lakini mmoja wao akitumia uchawi wa ukimya, unaomeza kila sauti umbali wa mita sita hivi kila upande, linabaki nyoka mwenye sumu basi. Farasi wa pembe moja hana hata udhaifu huo. Hadaiwi neno, ishara wala dawa.

Swali linajitokeza lenyewe. Kama radi ya naga ni ile ile ya mchawi mtu, vidole vilikuwa na kazi gani? Mwanafalsafa Hilary Putnam aliuliza jambo la jinsi hiyo mwaka 1967, akizungumzia maumivu. Pweza hana ubongo kama wa binadamu, ila ni vigumu kukana kwamba anaweza kuumia. Kwa Putnam, basi, maumivu si hali fulani ya ubongo wetu. Ni kazi ambayo miili mbalimbali yaweza kuifanya, kila mmoja kwa njia yake. Kwa hoja hiyo, ishara za vidole ni desturi ya wenye vidole, na uchawi wenyewe uko kwingine.

Hata hivyo, watu wa jamii ya Azande wana mgawanyo unaochimba zaidi. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi nao Sudan na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1937, alieleza kwamba wao hutenganisha wadhuru wa aina mbili. Wa kwanza hutumia dawa na maneno. Amejifunza, na anajua anachotenda. Wa pili ana mangu, kitu kilichomo tumboni mwake alichorithi kwa mzazi. Huyo hanuizi, hashiki dawa, hafanyi tambiko, na huenda hata hajui kama anadhuru. Akituhumiwa huletewa bawa la kuku, naye hulipulizia maji kutoka kinywani mwake na kuisihi mangu ipoe.

Kwa kipimo hicho madubwana yanapangika upya. Naga, pamoja na mwili wake wa nyoka, yuko upande mmoja na mchawi mtu, kwa kuwa ananuiza na anakusudia. Mwenye kitu tumboni ni beholder, lile dude la mviringo linaloelea, lenye jicho kubwa katikati na macho kumi juu ya vikonyo. Miale inayotoka machoni humo haihesabiwi kuwa uchawi wa kujifunza. Ni maumbile yake. Tena katika toleo la tano dadu ndiyo inayoamua mwale upi utoke. Dude huchagua wa kumlenga, lakini halichagui litamfanyia nini.

Anayesumbua ni farasi wa pembe moja, ambaye hukusudia lakini haonyeshi dalili. Kanuni za nyongeza za mwaka 2017 zinakiri kwamba uchawi usio na sauti, ishara wala dawa hautambuliki unapofanywa, hivyo hakuna wa kuuzuia. Atajulikanaje aliyeufanya? Azande walikuwa na benge, sumu waliyompa kuku huku wakiiuliza nani karoga. Wachezaji wana mwendesha mchezo peke yake, naye ndiye anayemwendesha huyo farasi.