HATI SAFI NA DHAMIRI SAFI

Mikataba mizito katika maisha ya mtu wa kawaida ni michache. Wa kwanza ni ndoa, na Kanisa huwatayarishia waamini wake jambo hilo kwa miezi mingi. Mwingine ni kununua au kuuza nyumba, na huo hakuna anayetayarishwa kwa ajili yake. Mtu hununua nyumba pengine mara moja tu, kwa akiba ya utumishi wake wote. Huiuza pengine mara moja tu, aghalabu siku za ugonjwa, deni au msiba, wakati akili haijatulia. Basi yafaa tujiulize swali hili: Je, yawezekana mtu auze nyumba kwa kufuata sheria yote, hati zikiwa safi na mihuri ikiwa mahali pake, na hata hivyo awe ametenda dhambi? Na je, yule anayeziruka hatua za sheria kwa kusema “sisi ni ndugu, twaaminiana,” atenda wema au ubaya?

Swali hili laihusu nchi nzima. Walakini tumechagua kulitazama kutoka pwani ya Tanga, maana huko nyumba nyingi ni za kale, na nyumba ya kale ina mengi ya kuficha. Pangani zingali zinasimama nyumba za mawe, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Tanga mjini, katika barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa hesabu, ipo nyumba ya Kiswahili tunayoijua sote: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Humo watoto wamezaliwa, maiti zimetoka, na wapangaji wamekaa chumba kwa chumba. Tena, tangu tarehe 5 Agosti 2017 lilipowekwa Chongoleani jiwe la msingi la bomba la mafuta litokalo Uganda, jina la Tanga limekuwa midomoni mwa wengi wanaotafuta ardhi. Mahali penye wanunuzi wengi pana madalali wengi, na penye madalali wengi ukweli huhitaji mlinzi.

Kwanza tujue ni kitu gani kinachouzwa. Watu husema, “Nimeuza kiwanja changu.” Kwa sheria ya nchi yetu maneno hayo si sahihi kabisa. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika iliufuta umiliki wa ardhi usio na ukomo, ikaugeuza kuwa upangaji wa miaka 99. Na mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, yasema kwamba ardhi yote ni ya umma, iliyo mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa ajili ya raia wote. Mwananchi hupewa haki ya kuimiliki na kuitumia, mara nyingi kwa miaka 33, 66 au 99, kwa masharti yaliyoandikwa katika hati. Anayeuza huuza haki hiyo pamoja na jengo alilolisimamisha juu yake.

Mkristo hapaswi kuona ajabu. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu awakumbusha Waisraeli kwamba nchi ni yake, nao ni wageni na wapangaji mbele yake. Sote tu wadhamini. Atakayeishika fikira hiyo hatauza nyumba kana kwamba dunia yaishia kwake.

Pili, tuzitazame hatua za sheria. Wengi huziona kuwa usumbufu na njia ya kukusanya ada. Tuziangalie moja moja, tuone kila moja yamlinda nani. Mnunuzi hufanya upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati, ajue kama anayeuza ndiye mwenye jina, na kama nyumba haina rehani wala zuio. Hatua hii yamlinda mnunuzi dhidi ya tapeli. Mkataba lazima uwe wa maandishi. Hatua hii yailinda kumbukumbu, maana binadamu husahau, na wanaokumbuka hufa. Uhamisho hupelekwa kwa mamlaka ya ardhi, kodi na ushuru hulipwa, kisha jina jipya huandikwa katika daftari. Hatua hii yawalinda majirani na watoto watakaokuja, wasiachiwe kesi badala ya urithi. Kadhalika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, yakataza mume au mke kuiuza, kuitoa zawadi au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililo katika hati ni la mmoja tu. Hatua hii yamlinda mama anayeweza kurudi kutoka shambani akakuta vyombo vyake barazani.

Basi, anayeziruka hatua hizi kwa jina la undugu amemwondolea mnyonge ngao yake. Upendo wa kweli hauogopi karatasi. Nabii Yeremia alinunua shamba la Anathothi kutoka kwa Hanameli, mtoto wa baba yake mdogo; ni ndugu wa damu kabisa. Hata hivyo alipima fedha shekeli 17, akaandika hati, akaita mashahidi, akamkabidhi Baruku nakala mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Yeremia alijua kwamba undugu hudumu vizuri zaidi pale ambapo hapana la kubishania.

Lakini sheria ina mpaka wake. Msajili huona jina, haoni boriti. Tuseme mzee mmoja wa Pangani anauza nyumba ya mawe. Hati zake ni halali, mkewe ameridhia, kodi atalipa. Ila yeye ajua kwamba boriti mbili za ukumbini zimeliwa na mchwa, na kwamba ukuta wa nyuma, uliopigwa saruji juu ya chokaa ya zamani, umenasa unyevu ndani, nao walainika mwaka hata mwaka. Amepaka rangi mpya. Mnunuzi ni mwalimu aliyestaafu, mwenye kiinua mgongo chake na wajukuu wanne. Auliza, “Mzee wangu, nyumba hii ina tatizo lolote?” Mzee ajibu, “Mwanangu, si waiona mwenyewe?” Hakusema uongo hata neno moja. Je, ametenda haki?

Swali hili ni la kale kuliko nyumba hiyo. Cicero wa Roma, kabla ya kuzaliwa Kristo, aliuliza habari za mtu auzaye nyumba yenye kasoro ambazo yeye peke yake azijua, akahukumu kwamba kunyamaza kwake ni udanganyifu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa yake, alipotafuta mifano ya hila ya muuzaji, alimtaja pia yule auzaye nyumba iliyo karibu kuanguka kana kwamba ni imara. Alipambanua hivi: kasoro iliyo wazi machoni pa wote, muuzaji halazimiki kuitangaza, maadamu anapunguza bei kama inavyostahili. Lakini kasoro iliyofichika, yenye kumletea mnunuzi hasara au hatari, analazimika kuitaja. Asipoitaja, mauzo ni ya hila, naye ana deni la kulipa fidia. Kwa hiyo yule mzee amevunja amri ya saba, ijapokuwa ulimi wake haukutamka uongo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib mjini Unguja iliporomoka, na watu wawili wakafa. Jumba lile halikuwa la kuuzwa, lakini lilitufundisha kwamba udhaifu wa jengo la kale ni jambo la uhai na mauti. Wenzetu Waislamu wa pwani nao wana fundisho katika sheria yao kwamba mnunuzi aliyefichwa kasoro ana hiari ya kukirudisha kitu. Haki ya namna hii akili ya kila mwanadamu mnyofu yaifahamu.

Labda mtu atasema: “Padri, huijui shida. Mzee huyo anauza kwa sababu mkewe amelazwa, na hospitali yataka fedha. Akitaja boriti, bei itashuka, na mgonjwa atakufa.” Pingamizi hili ni zito, wala hatutalijibu kwa wepesi. Ni kweli kwamba shida hupunguza hatia ya mtu mbele ya Mungu. Lakini haiugeuzi uongo kuwa kweli, wala haihamishi mzigo kwa haki. Mzee anayo hatari moja nyumbani mwake. Akinyamaza, aihamishia kwa wajukuu wanne wasiojua kitu. Huko ni kuponya jeraha lako kwa kulitia katika mwili wa jirani. Ajibu ukweli, aombe bei ya haki kwa nyumba jinsi ilivyo, kisha jumuiya yake ndogo ndogo na parokia yake zimsaidie kwa lililobaki. Kama hatumsaidii, basi na sisi tumeshiriki katika dhambi yake, kwa kuwa tulimwachia njia moja tu.

Wala tusimhubirie muuzaji peke yake. Mnunuzi naye aweza kuiba. Mtakatifu Tomaso afundisha kwamba muuzaji asipojua thamani ya kitu chake, akauza dhahabu akidhani ni shaba, mnunuzi anayejua ukweli atenda udhalimu, naye ana wajibu wa kurudisha. Basi, yule anayemwendea mjane Ngamiani, akijua kwamba nyumba yake ina thamani mara tatu ya anayoidhania, akamwekea mezani noti mpya ili macho yaduwae, asijisifu kwamba ni hodari wa biashara. Hapa pana jambo la kupambanua. Habari za mambo yajayo, kama kujengwa barabara au bandari, zikiwa zimetangazwa hadharani, mnunuzi halazimiki kuzihubiri. Ingawa akizisema atakuwa na wema mkubwa zaidi. Lakini afisa aliyezipata habari hizo kwa siri ya kazi yake, kisha akatuma shemeji anunue kabla hazijatangazwa, ameiba mara mbili: amemwibia mjane, na ameuibia umma uliomwamini.

Upo pia ugonjwa mwingine, nao ni wa bei mbili: moja ya kweli katika mfuko, na nyingine ndogo katika mkataba, ili kodi ipungue. Watu wema hulifanya hilo pasipo haya, wakisema kwamba Serikali haitapungukiwa. Tukumbuke kwamba mkataba huo hutiwa sahihi na mashahidi, nao hufanywa kuwa mashahidi wa uongo. Tena, siku ya ugomvi, mnunuzi aliyelipa kingi akaandika kidogo hatakuwa na la kuonyesha mahakamani isipokuwa kile kidogo. Kadhalika kuna wapangaji wanaouza ufunguo kwa kilemba. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye yakaingia katika Shirika la Nyumba la Taifa. Anayepanga katika nyumba kama hizo, hata akikaa miaka arobaini, hana haki ya kuuza kisicho chake.

La mwisho ni nyumba ya urithi. Baba akifa, mahakama humteua msimamizi wa mirathi. Huyo hakufanywa mrithi wa wote; amefanywa mtumishi wa wote. Akiuza nyumba kimya kimya kwa kuwa nduguze wako Dar es Salaam au Mwanza, na dada zake “wameolewa kwingine,” hati yaweza kuwa na muhuri, lakini mlo anaoula ni wa yatima. Katika ile sura ya Walawi, Sheria ya Musa ilimpa mtu aliyeuza nyumba ndani ya mji wenye maboma mwaka mzima wa kuikomboa. Hekima yake ni kwamba aliyeuza kwa dhiki apewe muda wa kupumua. Sheria ya leo haitoi mwaka huo. Basi familia ijipatie yenyewe: wakae, wasikilizane, wamwulize mama kwanza, ndipo waamue. Na ikiwa nyumba ni ya kale, wakumbuke kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yaitaja milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 kuwa miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Kung’oa mlango wa babu usiku na kuuuza peke yake ni kuwaibia walio hai, na waliokufa, na ambao hawajazaliwa.

Basi tujibu swali letu. Ndiyo, hati yaweza kuwa safi na dhamiri chafu, maana sheria haina macho ya kuona chini ya rangi. Wala dhamiri haiwezi kujiita safi huku ikizidharau hatua zilizowekwa kumlinda mnyonge. Vyote viwili vyahitajiana. Anayeuza na aseme anachokijua. Anayenunua na asimwonee aliye katika dhiki. Wote wawili waandike kiasi kile kile walichokubaliana. Kisha funguo zikipokewa, na padri akiitwa kuibariki nyumba, maji ya baraka yatanyunyizwa juu ya kuta zisizoficha kitu. Mwana wa Mungu, aliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni siku ya kuzaliwa kwake, azilinde nyumba zetu, na awajalie wanaozikabidhi na wanaozipokea waweze kutazamana usoni siku zote.