Mbali ni wapi?

Juzi kijana mmoja wa kikundi chetu hapa Kakuma aliniuliza, "Kaka, Nairobi mpaka New York ni mbali aje?" Nikamjibu haraka: karibu kilomita 11,800. Ndege ya moja kwa moja inachukua masaa 15 hivi. Kurudi ni kama 14, maana upepo wa juu unavuma kwenda mashariki, unaisukuma ndege.

Akacheka. "Masaa 15 tu? Kesi yetu ina miaka saba." Shule ameacha, anasema atasomea huko.

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Nilisema kweli, lakini je, nilikuwa mkweli? Kilomita ni zilezile kwa kila mtu, tofauti ni upepo. Mwenye pasipoti na viza anasukumwa. Sisi unatupiga usoni hata kabla ya kupanda ndege. Naona kumtajia mtu safari na kunyamazia kusubiri ni kumdanganya kwa namba sahihi.

Sasa nikiulizwa nasema: masaa 15 ni ya ndani ya ndege. Ya kusubiri hakuna anayeyajua. Kwa hiyo, mdogo wangu, yasubiri ukiwa darasani.