Ramadhani, siku ya 20: Bilal alipoikumbuka Makka



Leo ni tarehe 20. Kwa kauli iliyo mashuhuri, ndiyo siku ambayo Mtume (s.a.w.) aliingia Makka, mwaka wa 8 wa Hijra. Kila mwaka siku hii tunazungumzia masanamu yaliyovunjwa na msamaha waliopewa Makureshi, na ni haki kuyazungumza. Mwaka huu nataka tukae kidogo na jambo ambalo huwa tunalipita haraka. Wale walioingia, wengi wao walikuwa watu waliofukuzwa kwao. Walikuwa na nyumba pale. Mtume mwenyewe alipoulizwa atafikia wapi, alijibu kwa kuuliza kama Aqil, binamu yake, alikuwa amewaachia nyumba yoyote. Zilishauzwa. Wakaingia mjini kwao kama washindi, wakamaliza kazi iliyowaleta, kisha wakafunga mizigo na kurudi Madina.

Hivi umewahi kujiuliza kwa nini hawakubaki? Na kama Madina ilishakuwa nyumbani, ile hamu ya Makka waliyokaa nayo miaka minane ilikuwa kosa?

Tuanze na Bilal (r.a.). Muhajirina walipofika Madina waliikuta na homa kali. Bibi Aisha (r.a.) anasimulia kwamba baba yake, Abu Bakr, aliugua, na Bilal naye akaugua. Kila homa ilipomwachia, Bilal alipaza sauti akitamani alale japo usiku mmoja kwenye bonde la Makka, akizungukwa na majani ya kule, na akayataja majani yenyewe kwa majina, idhkhir na jalil. Akatamani afike kwenye maji ya Majanna, aione tena milima ya Shama na Tafil.

Sasa fikiria anayesema hayo ni nani. Abu Bakr alikuwa mtu wa ukoo na mali pale Makka. Bilal alikuwa mtumwa, asili yake Uhabeshi. Mchanga wa Makka ndio ule ule aliolazwa juu yake kwenye jua la mchana, jiwe kifuani, akitakiwa aikane dini yake. Ungetegemea aseme "Alhamdulillahi nimetoka, sitaki hata kuusikia mji ule." Kumbe anaulilia. Na si kwamba alikuwa amesahau, maana katika simulizi hiyo hiyo anawalaani kwa majina waliowatoa kwao. Yaani aliweza kutenganisha mahali na watu waliomdhulumu mahali hapo. Sisi wengi hilo linatushinda.

Mtume (s.a.w.) alipopewa habari hakumkemea. Hakumwambia kwamba Muumini hana kwao duniani, wala kwamba anawakosea adabu Ansari waliompokea. Aliomba dua. Alimwomba Allah awapendezeshe Madina kama wanavyoipenda Makka au zaidi, aifanye iwe na afya, aibariki pishi yake na kibaba chake, na homa yake aihamishie Juhfa.

Irudie dua hiyo polepole. Hapajaombwa Makka itoke moyoni. Mapenzi ya Makka yameachwa pale pale, tena yamefanywa kipimo cha mapenzi mapya. Kisha angalia kilichoombwa pamoja nayo: afya, na vipimo vya sokoni. Mtu hapendi mahali kwa kuhimizwa apapende. Anapapenda watoto wake wakiacha kuumwa, na unga ukipimwa sawasawa ukabarikiwa. Nasema haya kwa sababu nasikia baadhi yetu tukiwahutubia wageni juu ya shukrani wakati hatujawauliza hata wanalala wapi.

Mfano mwingine uko hapa kwetu, na wengi tunapita jirani nao bila kujua. Kidugala, leo wilaya ya Wanging'ombe, mnaijua kama misheni ya Kilutheri iliyoanzishwa na Wajerumani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili palikuwa na kambi ya Wapolandi. Ndiyo, Wazungu wakimbizi. Mwaka 1940 na 1941 Warusi wa Kisovieti waliwachukua watu wa mashariki ya Poland, familia nzima nzima, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan kwenye baridi na kazi ngumu. Ujerumani ilipoishambulia Urusi, wakaruhusiwa kutoka. Mwaka 1942 maelfu walivushwa bahari ya Kaspi mpaka Iran, wakiwa wamekonda, wana chawa na homa ya matumbo. Nchi ya Waislamu ndiyo iliyowapokea. Mjini Isfahan walilelewa watoto wengi sana wa Kipolandi, na Tehran yapo makaburi yao mpaka leo.

Kutoka huko Waingereza wakawaleta Afrika Mashariki kwa meli. Walio wengi walikuwa wanawake na watoto, kwani wanaume walikuwa vitani. Hapa Tanganyika kambi kubwa ilikuwa Tengeru, Arusha, watu kama 5,000. Nyingine zilikuwa Ifunda, Kondoa, Morogoro, na hii ya kwetu Kidugala. (Wabena hawakuulizwa, tusidanganyane. Mkoloni aliamua, na alimweka mkimbizi Mzungu juu ya mwenyeji Mwafrika. Hilo halifuti machozi ya mama yule wa Kipolandi, na machozi yake hayafuti hilo.)

Walifanya nini walipofika? Walilima bustani, wakajenga makanisa, wakafungua shule. Shule hizo zilifundisha kwa Kipolandi, historia na jiografia ya Poland, kwa sababu kila mtu aliamini vita ikiisha watarudi. Vita ikaisha mwaka 1945. Wakubwa waliokutana Yalta walikuwa wameshakubaliana kwamba mashariki ya Poland iwe ya Urusi. Kwa wengi wao kijiji kilikuwepo, nyumba pengine ilikuwepo, lakini Poland ilikuwa imehamishwa chini yake. Na huko kuliko baki, watawala wapya walikuwa watu wa wale wale waliowapeleka Siberia. Wachache walirudi. Waliobaki walitawanywa Uingereza, Kanada, Australia, na kambi zikafungwa. Waliofia huku walizikwa huku.

Mtu atasema wale walimu walipoteza muda, kumfundisha mtoto mito ya nchi asiyoweza kurudi. Mimi nimesomea ualimu na sikubaliani. Mtoto aliyetolewa kitandani usiku, akapita Siberia, Iran na bahari, alihitaji kuambiwa kwamba ametoka mahali penye jina. Aliyejua ametoka wapi ndiye aliyeweza kukaa darasani Kidugala akatulia, na baadaye akaanza tena Uingereza. Hamu ya kwao haikuzuia ujenzi wao. Ndiyo iliyowapa mkono wa kujengea.

Hata Waswahili wenzetu yamewakuta. Waliokimbia Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, baadhi yao waliishia Oman, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwafungulia mlango. Unguja waliitwa Waarabu. Maskati wakaitwa Wazanzibari. Wakajenga mji ule, wakafanya kazi za serikali na ualimu, na jioni wakazungumza Kiswahili na kupika wali wa nazi.

Sasa turudi mjini kwetu. Makambako ni mji wa njia panda, reli ya TAZARA na barabara ya Songea zimetuleta wengi. Wapo Wakinga walioteremka kutoka Makete, kule Kitulo kwenye maua. Wapo waliotoka Kigoma, Tanga, Kilwa, na wapo waliokimbia vita ng'ambo ya mpaka. Hamu zao hazilingani, najua. Anayeweza kupanda basi kesho si sawa na ambaye kwao kumefungwa. Ila naona wote tunaweza kuingia mtego mmoja, wa kuishi kama abiria. Mtu ana miaka ishirini hapa, jirani hamjui jina. Akiombwa mchango wa bati za msikiti anasema "mimi siku moja ntaondoka." Huko si kupenda kwenu. Bilal alilia kwa Makka, na Madina ilimjua kwa sauti yake mara tano kwa siku.

Mmoja wenu aliniuliza kuhusu wasia: akifa asafirishwe, azikwe kwao, safari ya zaidi ya siku nzima. Ndugu yangu, nakuelewa. Lakini madhehebu yetu ya Shafi hayaruhusu kumhamisha maiti mji hadi mji, isipokuwa aliye karibu na Makka, Madina au Baytul-Maqdis. Wapo waliosema ni karaha tu. Mashahidi wa Uhud, jamaa zao walitaka kuwachukua, Mtume akaamuru warudishwe walikoangukia. Wasia huo usiwabebeshe watoto deni la gari na siku za kuchelewa. Atakayekuosha ni jirani wa hapa, basi mfahamu angali anaweza kukucheka.

Na wenyeji, nanyi mna lenu. Siku ile ya Makka, Ansari walinong'ona kwamba Mtume ameshafika kwao, sasa atawaacha. Waliogopa. Akawahakikishia kwamba uhai wake ni pamoja nao na kifo chake ni kwao, na ndivyo ilivyokuwa. Ona, hofu yao ilikuwa ya kuachwa. Sisi hofu yetu ni mgeni asiondoke. "Utarudi lini kwenu?" unamuuliza mtu ambaye watoto wake wote wamezaliwa hospitali moja na wako.

La mwisho ni la kufanyiwa kazi wiki hii, maana maswali yameshaanza kuja. Zaka ya fitri, pishi moja kwa kila kichwa, takriban kilo mbili na nusu, kwetu sisi Mashafi hutolewa pale jua la mwisho wa Ramadhani linapokuzamia, kwa chakula cha hapo na kwa maskini wa hapo. Kama litakuzamia Makambako, toa mahindi au mchele hapa hapa. Usiitume Ujiji wala Pangani. Sadaka nyingine tuma kwenu kadiri utakavyo, na mama yako usimsahau. Pishi ya fitri ni ya mji unaofungia. Majina ya kaya zenye uhitaji tunayaandika kuanzia kesho baada ya Alasiri, na safari hii nawaomba wenyeji mtutajie na nyumba za wageni ambazo hatuzijui.